Nani Anamwambia Nani

Saa kumi na nusu alfajiri nimesimama mlangoni mwa stoo ya kikundi chetu cha maigizo mtaani Umoja, Nairobi, taa ya simu imewaka, nahesabu vitu kabla havijaingia garini. Kitanda cha mbao kinachofunguka vipande vinne. Godoro jembamba. Sufuria mbili, mwiko, na jiko la makaa ambalo halijawahi kuona moto. Mkoba wa Neema. Leso sita. Chupa ya kijani yenye strungi, chai isiyo na maziwa, iliyopoa, ambayo ikifika saa nane mchana itakuwa pombe. Nahesabu kwa sauti, kwa sababu kitu ukikisahau Nairobi huwezi kukipata katika bwalo la shule ya bweni.

Kwenye kona, chini ya turubai, limelala gogo. Miaka michache iliyopita kitabu teule cha tamthilia, yaani kile kinachotahiniwa shuleni, kilikuwa *Kigogo* cha Pauline Kea, na mle ndani kuna Sudi, mchongaji. Sudi wetu alitaka kuchonga kweli, hakutaka kugusagusa mbao kwa patasi kama mtu anayepapasa paka. Basi akachonga, shule baada ya shule, asubuhi na alasiri. Gogo lile tulilinunua likifika kiunoni. Leo ukilisimamisha halifiki gotini. Vitabu vilipobadilishwa, zamu ikawa ya *Bembea ya Maisha* cha Timothy Arege, chenye mzee Yona, mkewe Sara na binti yao Neema, na kila kitu cha Sagamoyo, mahali pa *Kigogo*, kilipoteza kazi kwa siku moja: mavazi, redio, hata maneno yaliyokuwa yamelala vichwani mwa waigizaji. Vingine tuliviuza. Gogo nimekataa lisiguswe.

Tuko tisa. Tunaigiza vitabu teule vya Kiswahili katika shule za upili, na kila mwaka tukijaliwa tunatoa tamthilia moja iliyoandikwa na sisi wenyewe, hapa Nairobi, kwa wikendi mbili au tatu. Watu wa sanaa mjini wana jina letu. Wanatuita "watu wa setibuku". Nimelisikia likitamkwa baada ya maonyesho, nimelisikia katika mikutano ya kuomba ufadhili, na sauti huwa ni ileile: hao si wasanii, hao huuza majibu ya mtihani. Nimelinyamazia jina hilo kwa miaka minane. Sasa nataka kulijibu, kwa kuwa naamini kabisa kwamba yale machache tunayoyajua kuhusu jukwaa tumefundishwa na wasichana na wavulana wanaokaa kwenye viti vya plastiki wakiwa na kitabu mapajani.

Nianze na mtihani wenyewe, maana ndio tunaochekewa.

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, ni ya fasihi, na ina alama 80. Swali moja linajulikana na kila mtu aliyepitia shule ya upili nchini Kenya. Unapewa maneno ya mhusika, kisha unaambiwa: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Mwanafunzi hodari hahitaji kufikiri mara mbili. Msemaji ni nani. Anamwambia nani. Wako wapi. Ni kwa sababu gani anayasema. Alama moja, moja, moja, moja.

Mwelekezi wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Sisi sote, hata mimi ninayemlipa, tunamwita Mwalimu. Siku ya kwanza alipotuelekeza alimsimamisha dada anayeigiza Sara, akamwacha aseme mistari yake mitatu, kisha akamwuliza, "Nani anamwambia nani?"

"Sara anamwambia Yona, Mwalimu."

"Yona yuko wapi?"

Akanyoosha kidole. Yona alikuwa ameketi nyuma yake, kushoto. Maneno yote yale alikuwa ameyatoa akitazama dirishani.

"Basi umepata alama moja," Mwalimu akasema. "Rudia."

Tulirudia mpaka jioni. Nimehudhuria warsha za uigizaji zilizoendeshwa na wataalamu waliotoka mbali, na ninawashukuru. Wengi wao walitumia siku tano kutufundisha jambo ambalo mtahini wa Kiswahili amelibana katika alama nne. Mwigizaji asiyejua anamwambia nani hubaki kutangaza. Asiyejua yuko wapi hujikuta anatembeatembea jukwaani bila shughuli. Asiyejua kwa nini anasema hupandisha sauti tu. Na ukumbi mzima wa Kidato cha Nne unalijua hilo, kwa sababu wamelifanyia mazoezi kila Ijumaa kwa miaka miwili. Hakuna hadhira nyingine nchini iliyofunzwa hivyo. Mjini mtu hulipa tikiti yake, hucheka, huenda nyumbani. Bwaloni ukipunguza sentensi moja unasikia kurasa zikifunguliwa.

Walimu nao wana hofu yao, na ni hofu ya haki. Tamthilia nzima ikiigizwa bila kukatwa itapita saa tatu, nasi tunapewa saa mbili, kati ya chakula cha mchana na michezo. Lazima tupunguze. Lakini kila mstari unaoutoa unaweza kuwa dondoo la mwaka huu! Nimekaa ofisini na mkuu wa idara ya Kiswahili, kitabu chake kimepigwa mistari ya rangi tatu, tukabishana juu ya maneno manane. Alishinda yeye. Nilipanda garini nimekasirika, na tulipoyarudisha yale maneno manane tukagundua kwamba bila hayo, mhusika anatoka jukwaani bila sababu. Mwalimu yule hakuwa ameongea habari za jukwaa hata kidogo. Alikuwa anasoma vizuri, basi.

Saa kumi na moja na robo gari limejaa. Ni matatu ya viti kumi na vinne, tumemwomba mwenyewe atoe viti viwili vya nyuma ili kitanda kipite. Leo tunakwenda Kinangop, kwa hiyo tunapandia barabara ya Limuru na baridi yake.

Hapo Limuru huwa kuna desturi. Tukikaribia mji, Mwalimu humwambia dereva apunguze redio. Hasemi kitu kila mara. Siku akiwa na la kusema, husema kuhusu Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilicho pale karibu, ambako mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea wenyewe jukwaa la wazi lenye viti vya watu 2,000. Waliigiza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kikuyu, lugha yao ya kila siku. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba. Katikati ya Novemba leseni ikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 askari wakaja kulibomoa jukwaa lenyewe. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, akiwa Marekani, na wiki iliyofuata tulipopita Limuru hakuna aliyemwambia dereva kitu. Alizima redio mwenyewe.

Watu wakiitaja Kamĩrĩĩthũ hutaja kizuizi na tingatinga. Mimi nasisitiziwa jambo jingine na Mwalimu, nalo limenikaa. Mazoezi ya tamthilia ile yalifanywa hadharani. Mtu alikuwa anarudi kazini, anasimama, anatazama, kisha anakatiza: la, mzee wa hapa hasemi namna hiyo, hapigi magoti hivyo, bwana wake hamwiti vile. Na maneno yalibadilishwa. Yaani mtazamaji alikuwa anajua kuliko mwigizaji, na waandishi wawili wenye elimu yao walikubali kusahihishwa. Ninapofikiria kwamba katika nchi hii kumewahi kuwa na mazoezi ya namna hiyo, kisha nikiwasikia wenzangu mjini wakisema kwamba wanafunzi "wanatupunguzia hadhi", naumia.

Hapo ndipo ninapotaka kuzungumzia fedha, kwa sababu mazoezi ni fedha.

Nimeamua kuandika hesabu ya siku moja kama ilivyo, maana vikundi vidogo vingi huficha hesabu zao kama vidonda. Shule ya leo ina wanafunzi 380 wa vidato viwili vya juu watakaolipa shilingi 150 kila mmoja. Hiyo ni 57,000. Kuna wengine thelathini na zaidi ambao hawana, na mwalimu huninong'oneza mlangoni. Hao wanaingia. Hatujawahi kumfungia nje msichana kwa sababu ya shilingi 150, na siku tukifanya hivyo nitafunga stoo na kurudi kwetu. Katika zile 57,000, gari na mafuta huchukua 12,000. Waigizaji saba, 2,500 kila mmoja, 17,500. Mwelekezi 3,000. Chakula 2,500. Mwenye kitabu, asilimia kumi, 5,700. Mfuko wa mazoezi 10,000. Kinachobaki ni 6,300, na hapo ndipo inatoka kodi ya stoo, fundi wa nguo, simu zangu, na mshahara wangu siku ambazo upo.

Kuhusu asilimia kumi ya mwenye kitabu, nitasema kidogo tu, ingawa najua itawaudhi baadhi ya wenzangu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iko wazi kwamba kuigiza kazi ya mtu mbele ya umma na kulipisha kunahitaji ruhusa. Vikundi vingi haviombi. Mwandishi amekaa miaka na wahusika wake, nasi tunawapakia kwenye matatu na kuwatembeza kaunti kumi bila hata kumjulisha. Sisi pia tulianza hivyo. Tuliandika barua ya kwanza kwa mchapishaji mwaka wetu wa tatu, na mikono ilinitetemeka kama mtu anayeungama.

Lakini mstari ninaoupigania zaidi ni ule wa mfuko wa mazoezi.

Kwa miaka mitatu hatukulipa mazoezi. Hakuna aliyekuwa akilipa. Ilikuwa inaeleweka kwamba mwigizaji hulipwa siku ya onyesho, na wiki zote za kabla yake ni mapenzi yake kwa sanaa. Kisha mmoja wetu, mama wa watoto wawili, akaanza kukosa kuja. Siku ya nne nilimpigia simu nikamfokea. Nilimwambia anatuangusha. Akanisikiliza mpaka nikaisha, halafu akasema kwa upole, "Dada, niko Buruburu, nafua nguo za watu. Jukwaa hunilipa siku moja. Kufua kunanilipa siku sita."

Sikuwa na jibu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimejiita mtayarishaji kwa miaka mitatu, na kumbe waliokuwa wakigharamia maonyesho yangu ni watu waliokuwa wakiinamia karai. Nauli yao, chakula chao cha mchana, siku yao ya kibarua waliyoiacha. Mimi nilikuwa nakusanya tu.

Mwezi uliofuata tulianza kulipa shilingi 700 kwa siku ya mazoezi. Si fedha ya kujivunia. Hata hivyo ilibadilisha kila kitu, na mabadiliko mengine sikuyatarajia. Watu walifika saa tatu kamili. Tulipanga siku ishirini na mbili za mazoezi badala ya kumi na moja za kubahatisha. Nami, kwa kuwa sasa kila siku ina bei, nikaacha tabia yangu ya kuita watu wote waje kungoja. Anayehitajika katika sehemu ya pili ya tamthilia haji siku tunapofanyia mazoezi sehemu ya kwanza. Mwalimu akaanza kuja akiwa amejitayarisha zaidi, ingawa hakuwa mvivu hata zamani. Hata tamthilia zetu wenyewe zikabadilika sura. Nilikuwa napenda kuandika umati, harusi, baraza la kijiji. Sasa naandika watu watatu chumbani, kwa sababu watatu naweza kuwalipa mwezi mzima, na watu watatu waliolipwa mwezi mzima wanaweza kukufanya uuone huo umati.

Najua kuna vikundi visivyoweza. Najua pia kuna vinavyoweza na havitaki. Kwa hao wa pili sina maneno laini. Mtu akikuambia "tunajenga jina kwanza", mwulize jina la nani.

Deni nalo lina hadithi yake. Kuna shule moja, siitaji na sitaiashiria, iliyotuambia baada ya onyesho kwamba mhasibu ametoka na fedha zitakuja kesho. Kesho hiyo ilichukua miezi minane. Niliwalipa waigizaji kwa mkopo wa chama changu cha akina mama. Tangu hapo nusu hulipwa kwa M-Pesa kabla gari halijatoka Nairobi, na sioni haya tena kuidai.

Tumefika Magumu, ukungu umeketi barabarani, na dereva amewasha taa ingawa ni saa tatu asubuhi. Tunakula chapati na chai kabla ya Njabini. Hapa garini ndipo wenzangu huzungumza kuhusu 2027.

Watahiniwa wa mwisho wa KCSE wataketi mwaka huo. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia shule za sekondari ya juu Januari 2026, na mwaka 2027 kitakuwa kimebaki Kidato cha Nne peke yake. Baada yao, mtihani tuliouishi unaisha. Hadhira iliyojua alama nne za muktadha itakuwa imerudi nyumbani. Katika mtaala huo kuna mkondo wa sanaa na michezo, na uigizaji na filamu ni somo kamili humo, jambo ambalo kizazi chetu hakikuwahi kulipata. Nafurahi kwa dhati. Na bado usiku nalala nikihesabu shule zitakazotuita. Mwigizaji wetu kijana zaidi anasema tutaenda kuwafundisha hao wa mkondo wa sanaa. Mzee wetu, yule anayeigiza Yona, anasema tumewahi kuzikwa vitabu vikibadilika na tukafufuka. Wote wawili wana haki. Mimi nimeanza kuwaandikia barua walimu wakuu kuhusu 2028, tamthilia fupi za Kiswahili zisizofungamana na mtihani wowote, na hadi sasa waliojibu ni wawili. Mmoja ni huyu wa leo, ndiyo maana hata mvua hainizuii kufika.

Mvua yenyewe ilituanza saa nane na dakika ishirini, onyesho likiwa limeshika moto.

Asiyewahi kukaa chini ya mabati Kinangop mvua ikinyesha hawezi kujua. Ni kama mtu anamwaga changarawe juu ya kichwa chako, gunia baada ya gunia, bila kupumua. Bwalo ni refu, limejengwa kwa kulia chakula, sauti hupotea hata siku ya jua. Waigizaji wetu hawatumii vipaza sauti. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa jikoni na sikusikia neno. Niliona tu mdomo wa Sara ukifunguka.

Kisha nikasikia kitu kingine. Wasichana wa safu ya mbele walikuwa wameusoma ule mdomo, na wanaujua ule mstari, wakausema. Hawakuusema kwa mzaha. Waliwageukia wa safu ya pili, nao wakawapa wa tatu. Yona akajibu. Jibu lake nalo likasafiri. Baada ya muda mfupi bwalo zima lilikuwa likisema maneno ya Bembea, wasichana mia nne wamevaa sweta, sauti zao zimelingana kama wako kanisani, na waigizaji wetu saba wakafanya jambo ambalo hawakuwa wamelizoezwa: waliacha kupiga kelele. Wakabaki kutenda tu. Yona akayumba, akaishika nguzo ya kitanda. Sara akajifunika leso. Maneno yalikuwa yanatoka kwa wale waliokuja kuyasikiliza. Mwalimu alikuwa ameketi mbele, miwani mkononi. Sikumwona akifuta macho, lakini miwani aliitoa.

Hali hiyo iliendelea kwa dakika kumi hivi. Kisha likaja lile onyesho ambapo Yona anaingia kutoka kunywa na kumsemesha mkewe aliye mgonjwa, na Sara anamjibu. Kitabuni anajibu mara moja. Siku ile dada yetu hakujibu. Alikaa kitandani, ameinamisha kichwa, anamwangalia mumewe kuanzia chini. Wasichana nao hawakusema mstari wake. Wakangoja. Mvua ikawa inapungua, ikapungua, ikawa matone, na kwenye ule utulivu Sara akajibu kwa sauti ya chini kabisa ambayo hata mlangoni niliisikia.

Baada ya onyesho huwa kuna maswali. Mengi tunayajua: je, kinaya kiko wapi, maudhui ya ndoa ni yapi, taja sifa nne za Neema. Tunayajibu kwa moyo mmoja, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyalipia. Kisha msichana mmoja akasimama nyuma, mrefu, mikono ameiingiza kwenye mikono ya sweta kwa baridi.

"Swali langu ni kwa Sara. Kwa nini ulinyamaza kabla ya kumjibu Yona? Kitabuni hakunyamaza."

Dada yetu ni mkweli. Akasema, "Nilikuwa nangoja mvua ipungue ili mnisikie."

Wasichana wakacheka kidogo. Yule mrefu hakucheka. Alitikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Ulikuwa unamtazama miguu. Mtu akitoka kunywa, mama humtazama miguu kwanza. Akishajua amelewa kiasi gani, ndipo anajua atajibu nini."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu wao wa Kiswahili aliinamia daftari lake. Msichana akaketi, na wenzake wa pande zote mbili wakasogea karibu naye bila kumtazama.

Tulipakia kitanda kwenye giza. Soko Mjinga tulisimama, kila mtu akanunua viazi na kabeji za nyumbani, kama ilivyo kawaida yetu tukitoka huko juu, na gari likanuka udongo mpaka Nairobi. Karibu na Limuru dereva alipunguza redio. Mwalimu akageuka kwenye kiti chake cha mbele.

"Nani alikuwa anamwambia nani?" akauliza.

Dada yetu alikuwa ameegemea dirisha, tulidhani amelala. "Sijui, Mwalimu," akasema. "Kesho nitamtazama miguu."

Kesho yake tulikuwa Kiambu, shule ya wavulana, jua kali, mabati yanalia kwa joto tu. Yona akaingia, akasema maneno yake. Sara akainamisha kichwa, akaanza na viatu. Nilihesabu hadi sita. Kurasa zilifunguliwa bwalo zima, wavulana wakitafuta ni wapi tumeruka, na hawakupata kitu, na mmoja baada ya mwingine wakafunga vitabu na kuinua macho.